Wanaocheka Uzi na Kuuacha Uwongo

Waalimu wenzangu, na ninyi nyote msomao gazeti hili kila mwezi, naomba nafasi niseme neno juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nami naliona kubwa. Ni habari za zile picha za sinema za zamani za Marekani, zilizotolewa sehemu kwa sehemu, zenye kusimulia safari za kwenda sayari nyingine, watu wenye kuruka kwa roketi mgongoni, na wafalme wabaya wa angani watakao kuiangamiza dunia. Siku hizi picha hizo zapatikana kwa urahisi, hata mtu aweza kuzitazama katika simu yake hali amelala kitandani, na kila azitazamaye ana maoni yake. Maoni hayo nimeyasikia mengi, katika chumba cha waalimu na kwingineko, na karibu yote, kwa akili yangu, yamekosa shabaha.

Watazamaji wa picha hizi ni wa vikundi viwili. Wa kwanza ni wacheka. Hao wakiiona roketi ya Flash Gordon ikipita angani, cheche zikitoka nyuma kama za fataki, na moshi ukipanda taratibu kama moshi wa jikoni, huangua kicheko na kusema, "Tazameni uzi! Tazameni, ni kopo hilo!" Wa pili ni wasamehevu. Hao walizipenda walipokuwa watoto, au walisimuliwa na waliozipenda, nao hawataki kusikia neno baya. Ukitaja kosa lo lote hukujibu, "Zilikuwa picha za watoto tu," au, "Zama zile ndivyo watu walivyokuwa," na maneno yamekwisha. Wacheka na wasamehevu hugombana sana, walakini mimi naona ni ndugu wa tumbo moja, maana wote wawili wameikataa kazi impasayo mtazamaji, nayo ni kupambanua. Huyu ahukumu yote, yule asamehe yote, wala hapana aulizaye: Kosa hili limetoka wapi? Limetoka katika mfuko mtupu, au limetoka moyoni?

Yafaa kwanza tujue picha hizi zilifanywaje. Desturi ya kuonyesha hadithi moja kwa sehemu nyingi ilianza Marekani tangu sinema haijapata sauti. What Happened to Mary ilitoka mwaka 1912, na The Perils of Pauline mwaka 1914. Katika miaka ya 1930 na 1940 viwanda vilivyoshika kazi hiyo hasa ni Universal, Republic na Columbia. Aghalabu hadithi ilikuwa na sehemu 12 au 15, na kila juma sehemu moja ilionyeshwa, mara nyingi siku ya Jumamosi, ukumbi umejaa watoto. Sehemu moja haikuzidi dakika 20 au karibu na hapo, na mwisho wake shujaa huachwa katika hatari ya kufa, mtoto akarudi kwao roho juu, akahesabu siku mpaka Jumamosi ya pili.

Basi mtu wa leo huketi usiku mmoja akazitazama sehemu zote 12 mfululizo, kisha hunung'unika: mambo ni yale yale, kila mara ngumi, kila mara gari kukimbizana, kila mara habari za nyuma kurudiwa. Bwana wee! Ukila posho ya miezi mitatu kwa usiku mmoja, ukaumwa na tumbo, utamshitaki mpishi? Habari za nyuma zilirudiwa kwa sababu mtoto mmoja alikuwa na homa Jumamosi iliyopita, na mwingine hakuwa na senti ya kiingilio.

Sasa nije kwenye umaskini. Flash Gordon ya mwaka 1936, yenye sehemu 13, ilipewa fedha nyingi kuliko desturi ya picha za namna hii, na hata hivyo iliishi kwa kuazima. Muziki wake mwingine ulitoka katika Bride of Frankenstein ya mwaka uliotangulia, na vipande vingine katika Just Imagine ya mwaka 1930. Walipofanya Flash Gordon Conquers the Universe, mwaka 1940, wakataka theluji na majabali, hawakupanda mlima. Walichukua vipande vya The White Hell of Pitz Palu, picha ya Wajerumani ya mwaka 1929. Na mji wa New York ulipozama chini ya maji katika King of the Rocket Men, mwaka 1949, maji yale yalikuwa yamekwisha kuugharikisha mji huo huo miaka 16 kabla yake, katika picha iitwayo Deluge. Wacheka hulitaja jambo hili kama wizi. Mimi naliita kushona viraka, na asiyepata kuvaa kiraka na anirushie jiwe.

Katika kiwanda cha Republic walikuwapo ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker, ambao kama ningekuwa na uwezo ningewatungia somo zima. Walikuwa wakifanya vyombo vya mfano, magari, madaraja, ndege na majengo, si vidogo mno, wakavipiga picha nje, chini ya jua lenyewe, tena kwa kuiendesha kamera kwa haraka kuliko kawaida, ili picha ikionyeshwa kitu kile kianguke kwa uzito na kwa taratibu kama kitu kikubwa cha kweli. Walipotaka mtu aruke angani, katika Adventures of Captain Marvel ya mwaka 1941, walifanya sanamu ya mtu, wakaitelezesha juu ya waya zilizotandazwa toka mahali pa juu hata mahali pa chini. Na kwa kule kuanza kuruka alitumika mtu hodari wa viungo, David Sharpe, ambaye hujitupa hewani kana kwamba hewa ni maji. Mpaka leo mtu aitazamaye kwa jicho la haki hushangaa. Katika Flash Gordon uzi huonekana mara nyingine, sikatai. Walakini mwenye kucheka uzi ule hana habari na mkono ulioushika.

Kisha litazameni lile vazi la mtu wa roketi: koti la ngozi, kofia ya chuma iliyochongoka kama risasi na kufunika uso wote, na kifuani vifundo vichache vilivyoandikwa kuwasha na kuzima, juu na chini, haraka na polepole. Wacheka hawawezi kupita hapo bila kushika mbavu. Ati mtu aruke mawinguni kwa vifundo kama vya redio! Lakini ifikirini ile kofia. Ndani yake alikuwamo Tristram Coffin katika King of the Rocket Men; kisha George Wallace katika Radar Men from the Moon, mwaka 1952; kisha Judd Holdren katika Zombies of the Stratosphere, mwaka ule ule. Kwa kuwa uso umefunikwa, picha za kuruka zilizopigwa mara ya kwanza zilitumika tena na tena, wala haikudhuru kwamba arukaye siye asemaye. Ndiyo akili ya fundi ageuzaye kanzu kuukuu ya baba kuwa kaptula mbili za watoto. Hata gari la vita la Undersea Kingdom, lililotembea chini ya bahari mwaka 1936, lilifufuliwa likatembea mwezini katika Radar Men.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, na sababu yake nitaieleza. Mwaka mmoja watoto wa shule niliyofundisha walicheza mchezo wa simba na mwindaji. Simba alikuwa gunia na katoni, na masharubu yake njiti za ufagio. Mgeni mmoja mwenye cheo, aliyekaa mbele, alicheka tangu simba alipoingia hata alipokufa, asisikie neno moja la yale maneno ambayo watoto walikuwa wameyatunga wenyewe kwa majuma sita. Tangu siku ile nikimsikia mtu akicheka kazi ya maskini kwa sababu ya umaskini wake, hunipanda hasira. Tena wacheka hawa hawa huisifu Star Wars ya mwaka 1977 mpaka mate yakawakauka, ilhali George Lucas mwenyewe alitaka kwanza kuifanya upya Flash Gordon, na alipokosa ruhusa ndipo akabuni yake. Na yale maneno yapandayo mbele ya nyota mwanzo wa picha yake aliyachukua katika desturi ya picha hizi hizi. Mtoto asifiwa, mzazi achekwa.

Hapa wasamehevu wameanza kunipigia makofi. Ngojeni kwanza.

Katika kazi yo yote yamo mambo yanunuliwayo kwa fedha, na yamo mambo yasiyonunuliwa. Nyumba nzuri, nguo nzuri, mafundi wengi, hivi vyote vyanunuliwa, na asiye navyo hana hatia. Lakini kusema kweli hakununuliwi. Heshima kwa mtazamaji hainunuliwi, wala heshima kwa taifa la watu wengine. Mwenye fedha chache angeweza kuwa nayo haya sawasawa na mwenye fedha nyingi. Hapo ndipo ninapoweka mizani yangu, na hapo picha hizi, nyingi katika hizo, hazisimami.

Tazameni desturi ya ule mwisho wa kila sehemu. Gari laserereka kuelekea genge. Twaona kwa macho yetu shujaa yumo ndani. Gari lapita ukingo, laanguka, lawaka moto. Mwisho. Rudini Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo tumerudi, na gari ni lile lile, genge ni lile lile, walakini sasa kimetiwa kipande ambacho juma lililopita hakikuwapo: kabla gari halijafika ukingoni shujaa afungua mlango, aruka, aviringika majanini, asimama na kujipangusa vumbi. Jambo hili halikutokea mara moja; lilikuwa desturi, na Republic waliifuata bila haya.

Msamehevu husema, "Ni mchezo tu, ndiyo raha yake." Nami namwuliza: Wewe ulisimuliwa hadithi na bibi yako? Bibi naye alijua kukatiza. Sungura yumo chunguni, maji yameanza kuchemka, naye bibi apiga miayo na kusema, "Kesho." Kuficha namna sungura atakavyotoka si uwongo, ni haki ya msimulizi, na tamu ya hadithi i hapo. Lakini kama kesho yake angesema sungura hakuwa chunguni hata kidogo, tangu mwanzo alikuwa amesimama kando, watoto wote wangepiga kelele, "Bibi, jana ulisema yumo!" Na bibi angeona haya. Bibi hakuwa na kiwanda wala kamera, walakini mpaka kati ya kuficha na kudanganya aliujua.

Wala wasiseme ni umaskini. Kile kipande cha shujaa kuruka kilipigwa. Fedha yake ilitoka. Uwongo haukupunguza gharama hata senti moja. Walikuwa na kweli mikononi, wakaikata kwa mkasi juma hili ili waibandike juma lijalo. Na walitegemea nini? Walitegemea usahaulifu wa mtoto. Walihesabu siku saba, wakajua kwamba katika siku saba mtoto hataweza kuapa kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Hili si kosa la uzi. Ni kumdharau mtoto aliyelipa senti zake.

Habari ya pili ni Ming. Mfalme huyu wa sayari ya Mongo alichezwa na Charles Middleton, Mmarekani mzungu, mzaliwa wa Kentucky, na alicheza vizuri, kwa sauti iliyojaa sumu. Kipawa chake sikikatai. Lakini wamempa jina la Kichina, wakamnyoa kichwa, wakamtia masharubu membamba yaningi'niayo na majoho ya mashariki, wakamfanya atamani kuoa kwa nguvu binti wa kizungu. Mwaka ule wa 1936 sheria ya Marekani ya kuwazuia Wachina wasihamie nchi ile ilikuwa ingali na nguvu. Ilitungwa mwaka 1882, ikafutwa mwaka 1943. Mtoto wa Kichina aliyezaliwa San Francisco naye alikwenda sinema siku ya Jumamosi. Alimshangilia nani? Na alipotoka nje, wenzake walimwita nani?

Najua nitaambiwa kwamba picha ilifuata tu hadithi iliyochorwa na Alex Raymond katika magazeti tangu mwaka 1934, na kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa. Walakini mwaka 1940, katika Flash Gordon Conquers the Universe, Ming yule yule, mchezaji yule yule, alivikwa mavazi ya kijeshi kama ya wakuu wa Ulaya. Kumbe iliwezekana! Sanduku la nguo lilikuwa na joho na lilikuwa na koti la kijeshi, na mtu akachagua. Jina waliliacha. Wala mimi sisemi picha ifutwe au ifichwe. Mwaka 1996 iliwekwa Marekani katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na vema. Nasema aitazamaye asijifanye kipofu kwa sababu ya mapenzi.

Juu ya wanawake nitasema kidogo tu. Dale Arden katika Flash Gordon hana kazi ila kuzimia na kuchukuliwa na kuokolewa, hata mtu ajiuliza mbona walimpandisha katika roketi. Nitaambiwa tena, "Zama zile." Basi mbona mwaka 1939, katika Buck Rogers, Wilma Deering ni askari mwenye cheo, aendaye hatarini pamoja na wanaume? Na mbona miaka 13 baadaye, wakati ambao tungetazamia maendeleo, Joan wa Radar Men from the Moon ajitetea apelekwe mwezini kwa hoja ya kwamba wanaume watafurahi kuwa na mtu wa kuwapikia? Zama hazikuwa zikiwalazimisha. Kalamu ya mwandishi ilikuwa na bei ile ile.

Nimewashitaki wengine, sasa nijishitaki mwenyewe, maana nisingeliandika haya kama si aibu iliyonipata. Muhula huu nilianza kuwaonyesha wanafunzi wangu, siku za Jumamosi, picha moja ya namna hii, sehemu moja kila juma, kama ilivyoonyeshwa zamani. Sehemu ya kwanza walicheka uzi, kama watu wote. Sehemu ya tatu ilimalizika shujaa yumo garini, gari likaanguka. Jumamosi iliyofuata, shujaa aliporuka, darasa zima lilishangilia, isipokuwa msichana mmoja wa nyuma, mpole, ambaye aghalabu hasemi. Aliinua mkono akasema, "Mwalimu, samahani, juma lililopita hakuruka. Alikuwa amelala juu ya usukani."

Wenzake wakamcheka. Wakamwambia amesahau, au alikuwa akisinzia. Nami, waalimu wenzangu, nami niliye mwalimu wake, nilimwambia kwa sauti ya upole, "Pengine hukuona vema, mwanangu." Akaketi. Uso wake nauona hata sasa.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nikaifungua sehemu ya tatu, nikaitazama mwisho wake mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alikuwa amelala juu ya usukani. Mtoto yule alikuwa na macho na kumbukumbu, na mimi, kwa kuwa picha ilisema vingine na darasa lilisema vingine, nilimwambia asiyaamini macho yake. Watengenezaji wa picha walitegemea usahaulifu wa watoto zaidi ya miaka 70 iliyopita, katika nchi ya mbali. Nami nikawamalizia kazi yao hapa kwetu, bure, bila mshahara wao.

Jumamosi iliyofuata sikuonyesha sehemu mpya. Nilionyesha mwisho wa ya tatu na mwanzo wa ya nne, moja baada ya nyingine, kisha nikasimama mbele ya darasa nikamwomba radhi yule msichana kwa jina lake. Pakawa kimya. Mvulana mmoja, kiongozi wa wacheka, akauliza, "Sasa, Mwalimu, mbona walituonyesha kwanza kwamba hakuruka?" Nikamwambia hilo ndilo swali, nalo nimelingoja tangu sehemu ya kwanza.

Juma hili twaingia sehemu ya saba. Msichana yule amehamia kiti cha mbele, naye huja na daftari.